Unajiita rubani na upepo umeuzima?

Ukiingia TikTok au YouTube jioni yoyote, hutakosa video ya kijana wa Nairobi akitua JKIA kwa Boeing 737 ya kwenye kompyuta. Kila kitu kiko fiti: rangi za shirika tunalolijua, sauti ya mhudumu akiwakaribisha abiria jijini, mbuga ikipita chini ya bawa. Magurudumu yanagusa lami taratibu hadi hujui ndege imefika chini saa ngapi. Kwenye maoni, mashabiki wanamwaga mioyo na kumwita kapteni.

Tunampongeza. Kutengeneza video kama hiyo si mchezo. Lakini irudie, na safari hii tazama ile soksi ya rangi ya chungwa iliyo kando ya njia ya kurukia. Imening'inia wima kama nguo iliyosahauliwa kwa kamba. Hakuna upepo. Angani hakuna wingu. Nairobi nzima imetulia kama picha ya kalenda.

Sasa muulize yeyote anayefanya kazi Embakasi ni mara ngapi ameona hewa ikisimama hivyo saa nane mchana mwezi wa Februari.

Msimamo wetu ni huu. Kama unarusha simuleta nyumbani kwa kujifurahisha tu, weka hali ya hewa uitakayo, hakuna wa kukushtaki. Lakini kama unasema unajiandaa kuwa rubani, au unawafunza wenzako mtandaoni jinsi ya kutua, basi ile anga tulivu ni uongo unaojiambia mwenyewe. Upepo ndio somo lenyewe. Vitufe utavikariri kwa wiki mbili.

Sababu si ngumu. Ndege ikishaacha lami haina habari na ardhi. Inaishi ndani ya hewa, kama mtu anayetembea ndani ya treni inayokwenda. Hewa ikisogea, ndege inasogea nayo, hata kama pua yake inatazama kwingine. Anayetua ana kazi ya kupatanisha vitu viwili: hewa isiyotulia na lami isiyosonga. Ukizima upepo, kazi hiyo yote imeondoka. Kilichobaki ni kushuka mteremko ulionyooka, na hata mtoto wa darasa la tano anaweza.

Chukua mfano. Viwanja vikubwa vya ndege hutoa ripoti ya hali ya hewa inayoitwa METAR, mstari mmoja wa herufi na nambari. Tuseme ya JKIA leo inasomeka hivi: HKJK 150900Z 05014KT 9999 SCT025 25/12 Q1019. Inaonekana kama nenosiri la Wi-Fi ya jirani, lakini ukikaa nayo dakika kumi utaizoea. HKJK ni JKIA yenyewe. Kisha tarehe 15, saa 0900 za dunia, ambazo kwetu ni saa sita adhuhuri. Upepo unatoka digrii 050, yaani kaskazini mashariki, kwa kasi ya noti 14. (Noti hapa ni kipimo cha kasi cha mabaharia na marubani, moja ni takriban kilomita 1.85 kwa saa. Zile za mfukoni ni hadithi nyingine.) Unaona mbali kilomita kumi au zaidi, mawingu yametawanyika futi 2,500 juu ya uwanja, joto ni nyuzi 25, na mwisho ni kanieneo ya hewa.

Njia ya JKIA inaelekea digrii 060 hivi. Upepo huo basi unakupiga karibu usoni, na huo ndio upepo rubani anaoutaka. Mabaharia wa Pwani wanaotweka tanga huuita upepo wa mbisho na kuulaani. Rubani anayetua huushukuru, kwa sababu unampunguzia kasi ya ardhini bila kumnyang'anya kasi ya hewani.

Haya, sasa ubebe upepo ule ule hadi Wilson, kilomita chache tu kutoka hapo. Wilson ina njia mbili, na moja inaelekea digrii 140. Fanya hesabu: kutoka 050 hadi 140 ni digrii 90 kamili. Noti zote 14 zinakupiga ubavuni. Katika kitabu cha Cessna 172, upepo wa ubavuni mkubwa zaidi ambao watengenezaji walionyesha ndege hiyo ikitua nao ni noti 15. Yaani umekaribia kabisa ukingo, na ni mchana wa kawaida tu. Itabidi uje ukiwa umeelekeza pua karibu digrii 11 pembeni mwa njia, kisha sekunde za mwisho uinyooshe kwa pedali huku ukilaza bawa la upande wa upepo. Kijana wa video laini hajawahi kuifanya kazi hiyo hata mara moja, na ana saa 300 za kujivunia.

Hizo saa 300 ndizo zinatutia wasiwasi. Saa za sebuleni haziandikwi kwenye kitabu cha rubani, hilo wengi wanajua. Wasichofikiria sana ni kwamba mikono nayo ina kitabu chake. Ukifanya jambo mara elfu, mwili unalishika, liwe sahihi au potovu. Saa moja ya ndege halisi pamoja na mwalimu inagharimu maelfu ya shilingi, pesa ambazo familia nyingi huchangisha kwa jasho. Ni uchungu kuzitumia saa hizo za kwanza kufuta tabia ulizojifunza bure kwenye kiti cha plastiki.

Na kuna makosa ambayo hayasubiri kufutwa. Tuzungumzie Ngong.

Ndege ndogo zinazotoka Mara au Magadi kurudi Wilson hukutana na ile safu ya vilima ambayo kilele chake ni mita 2,460 hivi, zaidi ya futi 8,000. Upepo wetu mwingi hutoka mashariki. Unagonga Ngong upande wa Nairobi, unapanda, unavuka mgongo, kisha unamwagika upande wa Bonde la Ufa kama maji yanayopita juu ya jiwe. Anayerudi mjini anaingia moja kwa moja kwenye hewa inayomwagika. Upepo uko usoni, ndege inatambaa, na chini yake hewa inashuka.

Weka hesabu hapo pia. Cessna 172 iliyojaa, kwenye kimo hicho na joto letu, hupanda kwa futi 300 hivi kwa dakika ikijitahidi sana. Hewa ikishuka kwa futi 500 kwa dakika, na nyuma ya milima hilo si la ajabu, umevuta nguvu zote za injini na bado unashuka futi 200 kila dakika, huku kilima kinakuja. Hakuna kitufe cha kukuokoa. Kinachookoa ni kuwa ulijua mapema, ukapanda futi elfu moja au mbili zaidi ukiwa mbali, na ukaukaribia mgongo wa mlima kwa mshazari ili ukizidiwa ugeuke upesi kurudi bondeni.

Katika simuleta yenye anga tulivu, safari hiyo ni utalii. Unavuka Ngong ukipiga picha. Ukiwasha upepo wa mashariki wa noti 25, kwenye programu inayojua milima, unavuka ukiwa umekaza taya. Ukianguka, umeanguka kwenye kiti chako. Unakunywa chai, unajaribu tena.

Msidhani ni vijana tu waliowahi kujifunza katika hewa ya uongo. Tarehe 2 Agosti 1985, Lockheed TriStar ya shirika la Delta ilikuwa ikitua Dallas-Fort Worth, Marekani. Mbele yake kulikuwa na mvua ya radi. Ilipoingia, upepo wa mbele uliongezeka na ndege ikaonekana imepata nguvu za bure. Sekunde chache baadaye hewa ikaiporomokea kutoka juu, kisha upepo ukageuka kuwa wa nyuma. Watu 137 walikufa. Ni mporomoko wa hewa baridi unaotoka tumboni mwa wingu, unagonga ardhi na kutawanyika kila upande, na mwanasayansi Ted Fujita alikuwa ameueleza miaka kadhaa kabla. Baada ya ajali, rekodi za ndege hiyo zilitumiwa kuuchora upya ule upepo, ukaingizwa kwenye simuleta za mashirika ili marubani wakutane nao wakiwa salama. Hao ni watu waliokuwa na leseni na nywele za mvi. Hata wao walihitaji upepo wa kweli kwenye mashine.

Sasa tuje kwa mashine za nyumbani. Upepo unaingiaje mle?

Microsoft Flight Simulator, toleo lililotoka Agosti 2020, huvuta hali ya hewa ya moja kwa moja kutoka kampuni ya Uswisi iitwayo Meteoblue, na tangu mwishoni mwa 2021 ikaanza kuchanganya na ripoti za METAR. X-Plane 12 nayo huchukua utabiri wa dunia unaotolewa bure na serikali ya Marekani, ikaupatanisha na METAR za viwanjani. FlightGear, ambayo ni ya bure kabisa, husoma METAR na kujaribu kukisia hewa inavyopanda na kushuka kulingana na ardhi.

Zote tatu ni kazi nzuri. Zote tatu zina mashimo, na ukiyajua utazitumia vizuri zaidi.

Utabiri ule wa bure huja katika gridi ya robo digrii. Hapa kwetu karibu na ikweta hiyo ni kama kilomita 28 kutoka nukta moja hadi nyingine. Safu nzima ya Ngong inaweza kupotea kati ya nukta mbili! Kwa hivyo upepo mkubwa utakuwa sawa, lakini ule mporomoko wa nyuma ya kilima ni programu yenyewe inayoubuni kutokana na umbo la ardhi. Ikiubuni vizuri, shukuru. Ikikosea, usiseme Ngong ni rahisi.

METAR nayo ina siri. Upepo unaoandikwa mle ni wastani wa dakika kumi. Mipigo ya ghafla huandikwa tu ikiwa imeuzidi wastani kwa noti 10 au zaidi. Kwa hivyo siku ya noti 12 ambayo kila baada ya muda inapiga 20, ripoti itasema 12 tu, na simuleta itakupulizia 12 bila kupumzika, kama feni ya dukani. Hewa halisi haifanyi hivyo. Dawa ni ndogo: ingia kwenye mipangilio, ongeza mipigo ya noti tano au nane kwa mkono, na msukosuko kidogo wa mchana. Waliocheza Flight Simulator X ya 2006 watakumbuka tatizo la kinyume, pale upepo ulipobadilika kwa mpigo mmoja ripoti mpya ilipoingia, na ndege iliyokuwa juu sana ikapiga king'ora cha kasi kupita kiasi bila kosa la rubani.

Hapo mtu atauliza: na bando? Ni swali la haki. Hali ya hewa ya moja kwa moja inataka intaneti muda wote, na mtandao wa mtaani hukatika hasa unapouhitaji. Lakini METAR ni mstari mmoja tu, mwepesi kuliko emoji unazotuma kwa WhatsApp. Ichukue kwa simu, kisha ujaze upepo, joto na mawingu kwa mkono. X-Plane na ile ya Microsoft zina sehemu za kuweka tabaka za upepo. FlightGear inakuruhusu kubandika mstari wenyewe jinsi ulivyo. Laptopu ya zamani inatosha. Tena ukijaza kwa mkono unajifunza kuusoma, tofauti na mwenzako mwenye faiba ambaye mashine inamfanyia kila kitu.

Kuna jambo jingine ambalo video nyingi za ng'ambo zinawapotosha vijana wetu. Wanafunza kwamba ukipanda juu kutoka ardhini, upepo hugeuka kwa kiasi fulani, na kwamba ukitazama ramani ya kanieneo utaujua upepo. Hayo ni ya kweli London na Chicago. Karibu na ikweta, ile nguvu ya mzunguko wa dunia inayoupinda upepo hufifia hadi karibu sifuri, na kanieneo yetu haina drama. Hupanda kidogo karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, hushuka kidogo saa kumi, kila siku, kama mtu wa kazi ya ofisi. Ukingoja kanieneo ikuambie upepo wa Nairobi, utangoja sana.

Kwetu upepo unaongozwa na bahari, ziwa, milima na saa ya siku. Pwani wana kaskazi inayovuma kuanzia Disemba hadi Machi, na kusi inayotawala katikati ya mwaka. Njia kubwa ya Mombasa ina majina 03 na 21, na ukijua ni msimu gani tayari una wazo ni upande gani utatua, kabla hata hujafungua kompyuta. Nahodha wa jahazi alikuwa na somo hilo karne nyingi kabla ya rubani.

Kisumu ni kitabu kingine. Asubuhi hewa hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana ardhi ikishika moto, ziwa linapuliza, na unajikuta unatua ukitazama maji. Mchana radi hukaa juu ya nchi kavu, usiku zinahamia juu ya ziwa lenyewe. Anayerusha kutoka Kisumu saa mbili usiku na anga safi ya mipangilio ya kiwandani anarusha mahali ambapo hapapo duniani.

Kaskazini kuna upepo unaostahili heshima zaidi ya inayopewa. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zetu kuna mlango ambapo hewa ya kutoka mashariki hubanwa na kukimbia kwa kasi karibu na ardhi. Mkenya Joseph Kinuthia, pamoja na G. C. Asnani, ndio waliouandikia mwaka wa 1982. Mitambo 365 ya umeme wa upepo karibu na Loiyangalani haikuwekwa pale kwa bahati. Jaribu kutua eneo hilo kwa ndege ndogo na upepo ukiwa umewashwa. Utatuambia.

Na msisahau joto. Nyuzi 25 pale JKIA, kwenye kimo cha zaidi ya futi 5,300, huifanya hewa kuwa nyepesi kana kwamba uko karibu futi 7,600. Kipimo kinasema noti 65, lakini ndege inapita hewani kwa 73 hivi. Inahitaji lami ndefu zaidi kuruka na kutua. Eldoret, karibu futi 7,000, mambo ni magumu zaidi. Wengi huacha joto la kawaida la programu, nyuzi 15 za usawa wa bahari, kisha wanashangaa mbona ndege ya mwalimu inapanda kwa uvivu kuliko ya kwao.

Mawingu ya Julai je? Yale ya kijivu yanayolala juu ya Nairobi asubuhi hadi mtu asahau jua? Yameshazuia ndege nyingi kutoka Wilson. Hakuna zoezi bora la kujifunza kusema "leo siendi" kuliko kuweka asubuhi kama hiyo, kukaa kwenye kiti, kuisoma METAR, na kuzima mashine. Haitapata mtazamo hata mmoja TikTok, hilo tunakubali.

Hatusemi simuleta ikiwekwa upepo inakuwa ndege. Kiti chako hakitikisiki. Tumbo halipandi kooni hewa inapoporomoka, na hofu ile ndiyo nusu ya somo. Viwanja vingi vidogo vya changarawe vya Mara havitoi ripoti yoyote, kwa hivyo programu inakisia kwa kutazama vituo vya mbali. Mwalimu wa kweli akikuambia jambo linalopingana na kompyuta yako, msikilize mwalimu.

Lakini wale wenye wafuasi elfu kumi, ishirini, mnaoitwa kapteni kila siku, tunawaomba jambo moja dogo. Video ijayo, kabla ya kutua, onyesheni METAR kwenye skrini pamoja na saa. Tuone upepo ulitoka wapi. Na mkibwagwa na upepo wa ubavuni wa Wilson mkaishia kwenye nyasi, msifute. Vilabu vya shule vinavyoandaa mashindano ya simuleta navyo viache kuwapa washiriki wote anga ya buluu. Chukueni ripoti ya Kisumu ya saa tisa mchana, siku ya mvua, mwape wote ile ile, na mtoe alama hata kwa yule atakayezunguka mara moja, aone hali si nzuri, na kurudi Eldoret.